Shajara ya bamba: Descartes bila siku yake ya kuzaliwa

4 Oktoba

Bamba limefika. Shaba nyekundu, sentimita 13 kwa 18, unene milimita moja na nusu, upande mmoja umesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nimelifunika kwa karatasi na kuliweka juu ya kabati. Alama ya kidole ikikaa juu ya shaba siku chache huacha doa, na doa hilo hushika wino.

Kazi niliyojipa ni kunakili kwa mkono picha ya mwanafalsafa René Descartes iliyochongwa na Frans van Schooten, yule mdogo, mwalimu wa hisabati wa hapa Leiden, Uholanzi, ninapoishi. (Baba yake naye aliitwa Frans van Schooten, na naye alifundisha hisabati hapahapa. Ni rahisi kuwachanganya.) Descartes ni yule wa "nafikiri, kwa hiyo nipo", lakini wengi wetu tulikutana naye kabla ya hapo bila kutambulishwa: zile grafu za mhimili wa x na y zilizotutesa sekondari asili yake ni kitabu chake cha 1637, kilichochapishwa katika mji huu. Michoro ya kitabu hicho aliichora Schooten huyuhuyu, akiwa na miaka ishirini na kidogo. Baadaye akaitafsiri sehemu ya jometri kwa Kilatini, ikatoka 1649.

Zipo picha za Descartes zilizochongwa vizuri kuliko hii. Ile ya Jonas Suyderhoef, aliyeifuata sura iliyopakwa rangi na Frans Hals, ina mkono wa fundi wa kweli. Schooten hakuwa akila kwa kuchonga. Nimeichagua ya kwake kwa sababu mwenye sura aliiona na akaisemea. Tarehe 9 Aprili 1649 Descartes alimwandikia barua kumshukuru kwa kujisumbua kumchonga. Picha imefanyika vizuri sana, akasema, ila ndevu na nguo hazifanani hata kidogo. Afadhali isitiwe kwenye kile kitabu cha Kilatini. Na kama Schooten bado ana hamu ya kuitia, basi ayaondoe maneno yanayoizunguka: ule ubwana wa Perron, kwa kuwa yeye hapendi vyeo vya aina yoyote, na mahali na siku aliyozaliwa, kwa kuwa hawapendi wapiga nyota, na anayetangaza siku ya mtu ya kuzaliwa ni kama anawasaidia katika upotofu wao.

Maneno hayakuondolewa. Ukiitazama leo chapa, yaani picha iliyopigwa karatasini kutoka kwenye bamba, unayasoma yote, yamezunguka uso kama kamba: bwana wa Perron, mzaliwa wa La Haye ya Touraine huko Ufaransa, mwaka 1596, siku ya mwisho ya Machi.

Basi mpango wangu: nichonge picha ileile na kuacha alichotaka kiachwe.

5 Oktoba

Nimempigia mjomba simu Unguja. Mjomba wangu ni sonara, au alikuwa. Siku hizi macho hayamsaidii, dukani anakaa mwanawe na yeye anakaa kibarazani na redio. Ninachojua kuhusu chuma kinachokata madini nimekipata kwake, nikiwa na miaka kumi na tatu, nikitia nakshi vikuku vya maharusi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Baridi ishaingia huko?"

Nikamweleza. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye wapiga nyota, hapo akacheka.

"Huyo Mfaransa alikuwa na akili zake. Siku ya kuzaliwa na jina la mama, vitu hivyo havianikwi uani."

"Lakini yeye hakuogopa kupigiwa nyota, mjomba. Aliona ni uongo, hakutaka kuuchangia."

"Anayeogopa na asiyeamini wote wanaificha tarehe. Sasa wewe unafanya nini?"

"Nachonga bila tarehe."

"Aa. Huo uvivu. Mwenzio aliombwa afute, hakuombwa asiandike. Chonga yote kama alivyochonga yeye, halafu ufute. Ndiyo utajua kama alikuwa hawezi au alikuwa hataki."

Nimekaa na neno hilo jioni nzima, na mpango umebadilika. Nitachonga maneno yote, nipige chapa chache, nifute, nipige nyingine. Wajuzi wa chapa huziita hali: hali ya kwanza ni bamba lilivyokuwa mwanzo, hali ya pili ni baada ya kubadilishwa. Watoza chapa hugombania tofauti ya mstari mmoja kati ya hali na hali.

12 Oktoba

Leo ni kuhamisha mchoro. Bamba hufanya kazi kama kioo, kilicho kulia kwenye shaba kitatokea kushoto kwenye karatasi. Nimechukua picha ya kidijitali ya chapa ya Schooten, nikaigeuza kwenye kompyuta, nikaichapisha kwa kipimo cha bamba langu. Shaba nimeipaka rangi nyeupe ya maji, nyepesi sana, nikaweka karatasi ya kaboni, nikafuatisha mistari mikuu kwa penseli ngumu: yai la nje, yai la ndani, taya, pua, ukingo wa kola, nywele zinazoangukia mabegani. Kisha sindano, juu juu, ili mchoro ubaki hata rangi ikifutika.

Kabla ya hayo nilikwangua kingo nne za bamba kwa tupa mpaka zikainama. Ukingo usioinamishwa hukata karatasi chini ya roli, na ukikosa bahati hukata na blanketi.

19 Oktoba

Kutwa nzima kunoa.

Chombo chenyewe ni ufito wa chuma cha pua wenye pembe nne, ncha imekatwa mshazari, mpini wake una kichwa cha mviringo kinachokaa katikati ya kiganja. Mafundi wa Ulaya huuita burini. Mjomba alikuwa na mfano wa huo na aliuita kalamu tu. Unasukumwa mbele na kiganja, haubonyezwi kwa vidole kama kalamu ya wino, na mbele yake shaba inatoka kama uzi uliojikunja. Ukisukuma kwa kuulaza mstari unakuwa mwembamba. Ukiinua mpini kidogo ncha inazama na mstari unanenepa. Unene huo wa mstari ndio lugha yote ya kazi hii. Hakuna kijivu, kuna weusi mpana, weusi mwembamba, na weupe wa karatasi.

Nanoa kwa jiwe la mafuta. Kipimo ni kucha ya dole gumba: ncha kali inang'ang'ania, butu inateleza. Yangu iliteleza mara tano.

26 Oktoba

Nimeanza na vazi, kwa sababu ni jeusi na makosa yatajificha. Mjomba alikuwa na sheria moja tu ya mistari ya kupinda: zungusha kazi, usizungushe mkono. Kwa hiyo bamba linakaa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto ndio unaozungusha bamba kuifuata ncha. Kwa muda wa saa nne nimemaliza bega moja.

Kila mstari unaacha vinyuzi vikali pembeni mwake. Unavikwangua kwa kisu cha pembe tatu, unapaka mafuta yenye masizi, unapangusa, na mistari inabaki myeusi juu ya shaba, ndipo unapoona ulichofanya. Mpaka hapo unafanya kazi kwa imani.

2 Novemba

Ncha imevunjika. Kunoa tena. Bega la pili.

9 Novemba

Burini imeteleza. Nilikuwa kwenye kola, sehemu nyeupe kabisa ya picha, mahali ambapo hapatakiwi kitu, na ncha ikaruka kutoka kwenye kivuli cha kidevu ikapita hadi begani. Mkwaruzo wa sentimita tatu. Nilitoka nje nikatembea mpaka Rapenburg na kurudi, ule mfereji wenye jengo la chuo alichofundisha Schooten, na baridi ikanirudishia akili.

Mkwaruzo haukuwa mzito. Nimeukwangua, nikausugua kwa chuma cha kulainishia na tone la mafuta, ukalala. Nimejifunza mapema kidogo kazi itakayonijia Januari.

23 Novemba

Uso. Nimekuwa nikiukwepa.

Nikitazama kwa lenzi alivyofanya Schooten, nakuta mtu makini asiye na ujanja wa mkono. Robert Nanteuil, aliyechonga sura za wakubwa wa Ufaransa miaka ileile, angeufuatisha mstari kwenye shavu mpaka ungedhani nyama inapumua. Claude Mellan mwaka huohuo wa 1649 alichonga uso wa Kristo kwa mstari mmoja tu unaoanzia kwenye ncha ya pua na kuzunguka bila kukatika mpaka ukingoni, akauacha unene wa mstari ufanye kila kitu. Schooten hana hayo. Anapanga mistari yake kama mtu anayeeleza hoja. Lakini macho ameyapata: makope mazito, na mtazamo wa mtu aliyekatizwa akiwa kazini anayesubiri uondoke.

Wakati nikitia kivuli cha pua nimekumbuka kitu ambacho kimenifanya niweke burini chini na kuanza kucheka peke yangu. Katika kile kitabu cha 1637, kwenye sehemu inayohusu mwanga na macho, Descartes anataka kueleza kwamba ili tuione dunia si lazima ndani ya kichwa pawe na vipicha vinavyofanana na vitu. Na mfano anaouchukua ni chapa za kuchongwa kwenye shaba. Anasema ni wino kidogo tu uliotiwa hapa na pale juu ya karatasi, lakini zinatuonyesha misitu, miji, watu, hata vita na tufani. Kitu kimoja tu zinachofanana nacho ni umbo, na hilo nalo kwa kasoro, maana karatasi ni bapa na vitu vina mabonde na miinuko. Tena kwa kanuni za perspektivu duara mara nyingi huonekana duara zaidi likichorwa kama yai, na mraba ukichorwa kama uru wa karata. Kwa hiyo picha, ili iwe picha kamili zaidi, mara nyingi inatakiwa isifanane na kitu chenyewe.

Na msomaji wa mapema kabisa wa maneno hayo, aliyekaa nayo akiyachorea michoro, ni Schooten. Miaka 12 baadaye mwandishi huyohuyo anamwambia Schooten huyohuyo, kuhusu chapa ya kuchongwa kwenye shaba, na kwa neno lilelile la Kifaransa alilolitumia kitabuni: ndevu hazifanani.

Nimemtumia mjomba ujumbe wa sauti. Jibu lake: "Hata mimi najua kwamba picha ya pasipoti si mimi. Lakini nikiletewa yenye masikio makubwa narudi kwa mpiga picha."

Labda haki iko pande zote mbili. Sahihi ya picha inasema 1644 na barua ni ya 1649. Miaka mitano inatosha ndevu kupunguzwa na joho kubadilishwa. Kwenye picha ya Hals, iliyopakwa karibu na 1649, ndevu ni kidogo sana, masharubu na kishungi chini ya mdomo. Nilifikiria kuzipunguza zangu zifuate za Hals. Nimeacha. Maneno aliomba yafutwe. Ndevu alilalamika tu.

30 Novemba

Shavu la kivulini. Mistari ya kwanza inafuata duara la shavu, ya pili inaikatiza kwa mshazari, na katikati ya kila tundu lenye umbo la uru (tena uru!) unatia nukta. Kadiri unavyokaribia mwanga unaacha mistari inakatika vipande, vipande vinakuwa nukta, nukta zinaisha. Mchana mzima kwa eneo la ukubwa wa stempu. Sina la kuongeza isipokuwa kwamba shingo inauma.

7 Desemba

Maandishi. Kwenye ukanda wa yai, herufi kubwa za Kilatini, kinyumenyume, na juu ya mzingo kila herufi inainama kidogo kuliko jirani yake.

Nilidhani ugumu utakuwa S. S inajulikana, unaiogopa, unaipima mara tatu. Iliyonimaliza ni N. Kwenye RENATVS nimechonga mshazari wa N kama ninavyouandika siku zote, yaani sawa kwenye bamba, yaani kinyume kwenye karatasi. Sikuuona mpaka nilipoweka kioo cha mkononi kando ya bamba. Kukwangua, kulainisha, kuchonga upya. Mjomba, aliyeona picha ya bamba kwenye simu, aliuliza kama nimeanza kuandika hirizi.

Kukaa na maandishi haya wiki nzima kumenifanya niyasome kwa makini zaidi. Chini ya picha, pamoja na mwaka 1644, Schooten amejiandikia kwa kifupi kuwa ni profesa wa hisabati. Kiti hicho kilikuwa cha baba yake, aliyefariki mwishoni mwa 1645, ndipo mwana akakirithi. Chini pia kuna mashairi ya Kilatini ya kumsifu Descartes, ya kijana Constantijn Huygens, kaka yake mwanasayansi Christiaan Huygens. Na ndugu hao wawili walikuja kusoma Leiden, kwa Schooten, mwaka 1645. Mimi naona 1644 ni mwaka wa uso. Maandishi yamekuja baadaye, pengine yalikuwa yangali mapya Descartes alipoletewa chapa. Kama ni hivyo, alikuwa akilalamikia jambo lililoongezwa nyuma ya mgongo wake.

Tena angalia kichekesho: mchorwa hataki vyeo, na mchoraji kajiandikia cha kwake palepale chini. Perron yenyewe ilikuwa ardhi ya urithi ambayo Descartes alikuwa ameshaiuza tangu ujana wake. Ni kama mtu akuite "mwenye shamba" miaka ishirini na zaidi baada ya kuuza shamba.

Mashairi sitayachonga. Bamba langu ni dogo na mjomba hakuniagiza hayo.

14 Desemba

Chapa ya kwanza ya majaribio, kwenye karakana ya jumuiya. Mashini yao ni ya roli mbili, gurudumu lenye mikono mirefu, na mama anayeisimamia karakana haruhusu mtu aiguse bila aproni.

Karatasi ya pamba imelowekwa tangu jana usiku na kukaushwa kidogo kati ya karatasi za kunyonya maji. Bamba limewekwa juu ya sahani ya moto ili wino ulegee. Unaupaka wote, unausukumia ndani ya mistari, bamba lote linakuwa jeusi kama chungu. Kisha unapangusa kwa kitambaa cha wavu kilichotiwa wanga, kwa mizunguko, bila haraka, na mwisho kwa ubavu wa kiganja wenye vumbi la chaki. Wino unabaki ndani ya mistari tu. Bamba, karatasi, blanketi za sufu, gurudumu.

Ukiinua karatasi unaona mambo mawili kwa pamoja: mtu, na makosa. Mtu yupo. Ananitazama kwa subira ileile ya kunitaka niondoke. Vazi limekuwa jeusi mno upande mmoja, na ukingo wa taya hauna nguvu. N iko sawa. Pale burini iliporuka hapaonekani kitu, au panaonekana na mimi tu.

4 Januari

Baada ya likizo nimezamisha upya mistari ya taya na kulainisha kidogo weusi wa bega. Leo nimepiga hali ya kwanza: chapa 8, na 6 kati yake zinafaa. Nimeandika idadi kwa penseli nyuma na kuzitandaza kati ya mbao zikauke.

Sasa bamba liko safi mezani, na maneno yote yapo. Sikutarajia kwamba nitaona huruma kuyafuta.

11 Januari

Nimeanza na tarehe. VLTIMO DIE MARTII, herufi 15, zimenichukua jioni tatu kuzichonga.

Kisu cha pembe tatu, kikilazwa karibu bapa, kinatoa vumbi la shaba la rangi ya waridi. Unakwangua kwa upande mmoja, kisha kwa kukatiza, kisha kwa upande mwingine, usije ukachimba mfereji mpya badala ya kufukia wa zamani. Herufi zinapauka moja moja. Ya mwisho kuondoka ilikuwa M, ambayo niliizamisha sana kwa kujiamini. Kisha chuma cha kulainishia na mafuta, kisha makaa laini na maji, kisha kitambaa.

Imenichukua muda wa saa mbili na dakika arobaini. Herufi zimekwisha.

Lakini ukipitisha kidole unasikia bonde. Ulichoondoa ni shaba, na mahali ilipotoka pamebaki chini kuliko majirani zake, na bonde hata likiwa laini hushika wino kidogo. Dawa yake ni ya kifundi hasa: unapima mahali penyewe kwa bikari yenye miguu iliyojipinda, mguu mmoja juu ya bonde na mwingine mgongoni mwa bamba, unatia alama mgongoni, unalaza uso wa bamba juu ya fuawe iliyosuguliwa, unagonga alama kwa nyundo ndogo mpaka bonde linainuka. Mjomba alikuwa akifanya hivyo kwa bangili zilizobonyea. Nimegonga kwa hofu, mara ishirini hivi. Limeinuka kiasi.

18 Januari

Mahali pa kuzaliwa na ubwana wa Perron, vyote kwa siku moja. Mkono umeshazoea.

Kwa hiyo swali la mjomba limejibiwa kwa upande mmoja. Alikuwa anaweza. Mtu aliyekuwa na bamba, kisu na wikendi mbili angemaliza, na Schooten alikuwa na miaka mingi. Toleo la Kilatini la 1649 lilitoka bila picha. Septemba mwaka huo Descartes akapanda meli kwenda Sweden alikoitwa na Malkia Kristina, na tarehe 11 Februari 1650 akafariki Stockholm. Picha ikatiwa kwenye toleo la pili, 1659, na siku ya mwisho ya Machi ikiwa mahali pake. Mwaka uliofuata Schooten naye akafariki.

Wiki nzima nilikuwa nikimhukumu. Nikipita Rapenburg kwa baiskeli nilikuwa nikimwona kama yule ndugu anayerusha picha yako kwenye kundi la familia baada ya kumwambia asirushe.

25 Januari

Hali ya pili, chapa 5. Ukanda wa yai sasa una jina tu, RENATVS DES-CARTES, na kilichobaki ni uwazi. Hauvutii, lazima niseme. Maneno yalikuwa yakiushikilia uso kama fremu. Yalipoondoka uso umekuwa unaelea, na jina limeegemea upande mmoja kama abiria wa peke yake kwenye daladala. Kama ningechonga tangu mwanzo bila maneno mengine ningelisambaza jina lizunguke lote. Hilo nalo lazima Schooten aliliona: kufuta kungeacha yai lenye upara, na kulijaza upya ni kazi nyingine.

Na kuna kivuli. Nuru ikija ubavuni, pale tarehe ilipokuwa panaonekana utando hafifu wa kijivu, na ukijua cha kutafuta unaweza kuisoma ile M. Nilipangusa chapa ya nne kwa nguvu zaidi, ukapungua. Haukwisha.

15 Februari

Kifurushi kimefika Unguja, hali ya kwanza moja na hali ya pili moja. Mwana wa binamu alimshikia mjomba simu akiwa kibarazani, chapa mbili magotini, miwani miwili juu ya pua.

Nikampa matokeo: alikuwa anaweza kufuta, hakutaka.

"Hakutaka lini?" akauliza. "Kitabu cha kwanza aliitia picha?"

"Hakuitia."

"Na mwenyewe alipokuwa hai iliwahi kutiwa kitabuni?"

"Hapana. Iliingia miaka 9 baada ya kufa kwake."

"Sasa kosa liko wapi mwanangu? Aliombwa asiitie, hakuitia. Tarehe ilikuwa inafichwa kwa ajili ya wapiga nyota. Marehemu hapigiwi nyota."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa miezi minne na shaba, barua na miaka yote kichwani, na hilo halikunijia hata mara moja. Kuhusu vyeo bado nina ugomvi na Schooten, kwa sababu chuki ya mtu kwa vyeo haiishi kwa kufa kwake. Mjomba anasema huo ni ugomvi mdogo na nisiutafutie fuawe.

Kisha akaivuta hali ya pili karibu na macho, akaielekeza kwenye nuru ya barabarani, akapitisha kidole hewani juu ya ukanda wa yai bila kuugusa. "Hapa ulipiga nyundo kidogo mno," akasema. "Ungeongeza kumi." Halafu akataka nimtumie nyingine ya hiyohiyo, ya kumpa sonara mwenzake wa zamani. Nikasema nitaligonga bamba tena kwanza, nimtumie iliyo safi.

"Iache. Ndiyo ninayotaka kumwonyesha."

Nimepiga chapa moja zaidi bila kugusa kitu. Bamba limepakwa nta na kufungwa kwenye karatasi, liko juu ya kabati.